Mkanda mmoja, dakika nne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu za nyumbani za vyama vya Wayahudi wahamiaji

Kazi yangu ni kusafisha mikanda ya filamu ya zamani na kuigeuza kuwa ya kidijitali. Katika yote inayopita mikononi mwangu, inayoniletea maswali mengi kuliko mingine ni ile iliyopigwa na Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki wakahamia Marekani, walipokuwa wakikutana na watu wa mji wao. Maswali hayo nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake, mengine nimeyapitia juu juu.

Ni filamu gani hasa?

Ni mikanda myembamba ya milimita 16 au 8, isiyo na sauti, iliyopigwa na mtu wa kawaida tu: fundi cherehani, mwenye duka la vitambaa, mweka hazina wa chama. Mingi ni ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi miaka ya 1960.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtu aliyefunga safari kurudi Poland, Lithuania au Romania akaupiga picha mji aliozaliwa. Ya pili ni ya mkusanyiko wenyewe huko ugenini: karamu ya chama kutimiza miaka 25, pikiniki ya Jumapili, uzinduzi wa jiwe la kumbukumbu makaburini. Ya kwanza ndiyo inayotafutwa na kila mtu. Mimi moyo wangu uko kwenye ya pili, na sababu nitaieleza.

Landsmanshaft ni kitu gani?

Kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, *landsman* ni mtu wa kwenu, na wakiwa wengi ni *landslayt*. *Landsmanshaft* ni chama chao. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maelezo marefu: ni chama cha kufa na kuzikana cha watu waliotoka mahali pamoja. Mwanachama alilipa ada. Akiugua, alipata posho na kutibiwa na daktari aliyelipwa na chama. Akikwama, alikopeshwa. Akifa, alikuwa na kaburi katika kiwanja cha chama, ubavuni mwa watu wa kwao.

Kati ya mwaka 1881 na 1924 Wayahudi wapatao milioni 2 kutoka Ulaya Mashariki waliingia Marekani, na wengi wao walishukia New York wakabaki hapo hapo. Mwaka 1938 kundi la waandishi wa Kiyidi, waliokuwa wakilipwa na mpango wa serikali wa kuwapa kazi watu wakati wa mdororo wa uchumi, lilichapisha kitabu kuhusu vyama hivi. Lilikuta zaidi ya 2,000 katika jiji la New York pekee.

Kwa nini vingi hivyo? Si wote walikuwa Wayahudi?

Walikuwa Wayahudi wote, ila kilichowakutanisha ni mji. Mtu wa Białystok na mtu wa Nasielsk, miji miwili ya Poland, wangeweza kuishi ghorofa moja, wakashona koti katika kiwanda kimoja, na kila mmoja akawa na chama chake. Tena mji mmoja haukutosheka na chama kimoja. Palikuwa na cha washika dini wenye sinagogi lao, cha wafanyakazi wenye siasa za kijamaa, cha vijana waliochoka kuamriwa na wazee, na kamati ya akina mama ambayo mara nyingi ndiyo iliyochangisha fedha na kupika. Aliyewahi kukaa katika kikao cha watu wa kwao mjini anajua vyama vinavyogawanyika na kwa nini.

Kamera alikuwa nayo nani? Haikuwa anasa?

Mwanzoni ilikuwa anasa kweli. Kodak ilipoleta milimita 16 mwaka 1923, kamera pamoja na projekta, skrini na stendi yake ya miguu mitatu viliuzwa dola 335. Fundi cherehani hakuwa na fedha hizo. Mwaka 1932 ikaja milimita 8, na kamera yake ya kwanza iliuzwa dola 29.50. Hapo ndipo kamera iliposhuka kutoka kwa mwenye kiwanda hadi kwa mwenye duka. Mwaka 1935 ikaja Kodachrome, filamu ya rangi ambayo ikitunzwa vizuri rangi zake ziko wazi hadi leo. Gauni jekundu la mwaka 1938 bado ni jekundu.

Hata hivyo, filamu yenyewe ilibaki kitu cha kubana. Roli moja ya futi 100 ya milimita 16 ni dakika nne tu. Kamera nyingi zilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Ukiachia kidole au springi ikiisha nguvu, picha inakatika. Ndiyo sababu filamu hizi zimekatikakatika, sekunde tano hapa, nane pale. Mpigaji alikuwa anahesabu senti.

Nikiangalia filamu ya karamu nitaona nini?

Nitakueleza moja jinsi ninavyoziona nyingi, maana zinafanana kama sare za harusi.

Inaanza na giza, kisha mwanga mkali unapiga ghafla na watu wa meza ya kwanza wanajikinga macho. Filamu za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi, kwa hiyo ukumbini mpigaji alikuja na taa za kupofusha. (Hiyo pia ndiyo sababu pikiniki ni nyingi kuliko karamu. Jua halilipiwi.) Meza ndefu zimetandikwa vitambaa vyeupe, chupa za soda ya maji zimepangwa katikati, mkate umekatwa. Kamera inapita taratibu kwenye meza, na kila inayemfikia anafanya moja kati ya mambo matatu: anainua glasi, anamgeukia mkewe acheke, au anakaa kimya akitazama mbele kama anapigwa picha ya pasipoti. Hao wa mwisho ni wazee. Walikulia kwenye picha za studio, ambako ukitikisika unaharibu.

Kisha meza kuu. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Nyuma yao bendera ya chama, ya hariri au mahameli, yenye jina la mji kwa Kiyidi na kwa Kiingereza pamoja na mwaka wa kuanzishwa. Mtu anasimama, anahutubia. Mdomo unacheza, kidole kinapigapiga hewani, hatusikii kitu. Mpigaji naye anachoka baada ya sekunde sita, anahamia kwa watoto.

Vifuani mwa viongozi tazama utepe. Tepe nyingi za vyama hivi zilikuwa na pande mbili. Upande mmoja una rangi, wa sherehe. Ukiugeuza, upande wa pili ni mweusi, wa mazishi. Beji moja, pini moja. Mtu aliyeivaa kwenye karamu usiku wa Jumamosi aliweza kuigeuza Jumapili mchana akaenda nayo makaburini. Sijapata kitu kinachoeleza chama hiki vizuri kuliko utepe huo.

Mbona watu wanatembea mbiombio kama vikaragosi?

Hawakutembea hivyo. Filamu zisizo na sauti za nyumbani zilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde. Ukizichezesha kwa 24, kila kitu kinakwenda haraka kwa nusu zaidi. Ni kosa la aliyegeuza filamu na linarekebishika kwa dakika moja. Mdai akurekebishie. Bibi kizee anayetembea kwa heshima zake hastahili kugeuzwa kichekesho.

Na hizi za safari ya kurudi kwao, zilipigwa kwa ajili gani?

Zilipigwa ili zirudi zionyeshwe ukumbini, na jambo hilo linasahaulika. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vyama vilichangisha fedha za kujenga upya miji yao, vikatuma wajumbe wakazigawe: kwa shule, bafu la kidini, hospitali, mikopo midogo. Waliochanga walitaka kuona fedha zao zilifika wapi. Kamera ilipopatikana, mjumbe au mwanachama aliyekwenda kusalimia aliibeba. Watu wa Kolbuszowa, mji mdogo wa Poland, waliokuwa New York walikuwa na filamu ya mji wao karibu mwaka 1930. Ilionyesha soko, masinagogi, wazee na wanafunzi, ili mtu aliyeuacha mji miaka 20 iliyopita aguswe, atie mkono mfukoni.

Hazifai kuchanganywa na zile za watengenezaji filamu wa kazi. Mwaka 1939 ndugu wawili Goskind walipiga filamu fupi kuhusu Wayahudi wa miji sita ya Poland. Zimebaki tano, za Warszawa, Białystok, Kraków, Lwów na Vilna. Ya Łódź imepotea. Zile zina maelezo ya mtangazaji na mpangilio. Za wanachama hazina mpangilio wowote, na hapo ndipo utamu wake: mpigaji hakuwa anaeleza mji kwa mgeni. Alikuwa anasema, huyu hapa, mnamkumbuka?

Ile ya Nasielsk ina nini hata isifiwe hivyo?

Ina dakika tatu tu. David Kurtz, mkazi wa Brooklyn, New York, alizaliwa Nasielsk, mji mdogo kaskazini ya Warszawa, akaondoka akiwa mtoto. Mwaka 1938 alitembelea Ulaya na mkewe na marafiki, Uingereza, Ufaransa, Uswisi na kwingineko, kamera mkononi kama mtalii yeyote. Wakapita Nasielsk. Katika dakika hizo tatu, sehemu zikiwa za rangi, mji mzima umemwagika barabarani kumtazama mgeni mwenye kamera. Watoto wanasukumana waingie ndani ya picha, wakiondolewa wanazunguka nyuma waingie tena. Mwanamke anatoka dukani. Watu wanamiminika kutoka sinagogi, na kwenye mlango wake kuna nakshi ya simba.

Mwaka uliofuata Ujerumani iliivamia Poland. Tarehe 3 Desemba 1939 Wayahudi wa Nasielsk walitolewa wote mjini, wakapakiwa kwenye treni, na wengi wao baadaye waliuawa katika kambi ya mauaji ya Treblinka. Walikuwa kama 3,000. Waliovuka vita wakiwa hai hawakufika 100.

Mwaka 2009 mjukuu wa Kurtz, Glenn, aliukuta mkanda nyumbani kwa wazazi wake Florida, umejikunja na kugandamana. Aliupeleka kwa Makumbusho ya Kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi mjini Washington, ukanyooshwa na kuokolewa. Hapo mwanzo hata mji wenyewe haukujulikana. Ilidhaniwa ni kwao bibi yake Glenn, mahali pengine kabisa. Makumbusho ikaiweka filamu kwenye mtandao. Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa Detroit alikuwa akiitazama, akamwona mvulana wa miaka 13 mwenye uso wa babu yake. Alikuwa babu yake kweli, na alikuwa bado hai. Mzee huyo alikumbuka majina, na alieleza hata tofauti za kofia: kofia ya aina hii ni ya mtoto wa shule ya dini, ya aina ile si yake.

Nyuso katika dakika zile ni zaidi ya 150. Zilizopata majina ni chache mno, pamoja na juhudi zote zile, kitabu kilichoandikwa mwaka 2014 na filamu ya zaidi ya saa moja iliyotoka mwaka 2021.

Kama ni hivyo, karamu za New York zina faida gani? Si watu wanakula tu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Anauliza kama nina picha za mji. Nikimwambia nina saa mbili za pikiniki, anashukuru na kuondoka.

Fikiria hivi. Filamu ya mji iliporudi New York ilitiwa kwenye projekta mbele ya watu gani? Ni hawa wanaokula. Ukumbini walikaa watu mia mbili ambao kila mmoja angeweza kuinuka na kusema, yule ni shangazi yangu, lile ni duka la fulani, huyo kijana baba yake alikuwa mchukuzi wa maji. Majina yote ya filamu ya kwanza yalikuwa yamekaa katika meza za filamu ya pili. Hakuna aliyeyaandika, kwa sababu nani anaandika jambo linalojulikana na kila mtu? Sasa waliokuwa ukumbini wamekufa, na sisi tunatazama nyuso za mjini kana kwamba hazikuwahi kuwa na wenyewe.

Kwa hiyo mimi huanza na karamu. Viongozi wa meza kuu wametajwa katika vitabu vya kumbukumbu za mikutano na katika vijitabu vya sherehe, ambavyo vina picha za kamati na salamu za wanachama. Ukimjua mweka hazina wa mwaka 1936, unamjua ndugu yake aliyebaki. Uso unafanana na uso. Mara mbili nimemtambua mtu wa mji kwa sababu nduguye alikuwa ameinua glasi mbele ya kamera Brooklyn, kwa pozi lile lile la kulaza kichwa upande.

Na kuna sababu nyingine. Filamu ya mji tunaitazama tukijua mwisho wake, tukiwaona watoto kama maiti wanaotembea. Karamu inatukatalia hilo. Huyu mama amekasirika kwa sababu keki imechelewa.

Baada ya vita filamu zilibadilika?

Zilibadilika, ila si kwa namna watu wanavyotarajia. Karamu ziliendelea, vitambaa vyeupe vile vile. Kilichoongezeka ni mkutano wa kumbukumbu kila mwaka, karibu na tarehe ambayo mji uliangamizwa, na mishumaa ikawashwa jukwaani. Mpigaji mara nyingi aliishusha kamera wakati wa kuwasha. Utaona mtu anakaribia mshumaa, kisha picha inakatika, na kipande kinachofuata watu wamesimama mlangoni wakivaa makoti. Ukaongezeka pia uzinduzi wa mawe ya kumbukumbu makaburini. Katika filamu hizo za mwishoni mwa miaka ya 1940 na miaka ya 1950 wanatokea watu wapya, wembamba, wa umri wa kati, wanaokaa pembeni ya meza. Hao ni walionusurika waliofika kutoka kambi za wakimbizi.

Fedha zilizokuwa zikipelekwa kwenye mji sasa hazikuwa na pa kwenda. Nyingi zilikwenda kwa walionusurika, nyingine kwa Israeli, nyingine katika kuchapisha *yizkor-bikher*, vitabu vya kumbukumbu vya mji mmoja mmoja, ambavyo viko kwa mamia. Mara nyingi mwishoni vina orodha ya majina ya waliouawa. Weka kitabu hicho kando ya filamu. Bila yake unaona kofia tu.

Vyama vilikuwa Marekani pekee?

La. Buenos Aires, Paris, Tel Aviv, Johannesburg na kwingine vilikuwapo. Afrika Kusini Wayahudi wengi walitoka Lithuania, kwa hiyo vyama vya huko vina majina ya miji ya Kilithuania. Watu wa Białystok walikuwa na mtandao uliofika mabara kadhaa, na New York walijenga makao yao East Broadway yenye nyumba ya wazee, iliyofunguliwa mwaka 1931. Mji mmoja basi unaweza kuwa na filamu katika nchi nne, na hakuna nchi inayojua ya mwenzake.

Nimekuta mkebe wa mikanda nyumbani. Nianze wapi?

Anza kwa kutofanya kitu. Zaidi ya yote usiutie kwenye projekta ya zamani iliyo stoo. Filamu ya zamani husinyaa, na ikisinyaa matundu yake ya pembeni hayaingiani tena na meno ya mashine. Projekta itayararua yote kwa raha zake huku ukishangilia kumwona babu.

Ufungue mkebe, unuse. Harufu ya siki maana yake plastiki ya filamu imeanza kuoza. Hilo halirudi nyuma, na mkanda mmoja unaweza kuwaharibia wenzake, kwa hiyo utenge na uharakishe kuugeuza kuwa wa kidijitali. Kama haunuki, weka mahali pakavu, pa baridi, si darini wala karibu na jiko. Milimita 16 na 8 za nyumbani ni salama. Ukikuta ya milimita 35 ya kabla ya miaka ya 1950, huenda ni naitreti inayoshika moto upesi mno. Hiyo usiiguse, piga simu kwa hifadhi ya filamu.

Halafu soma mkebe. Soma sanduku, soma karatasi, soma mwandiko wa penseli kwenye kipande cheupe cha mwanzo wa filamu. Niliwahi kuletewa mikanda saba iliyokwisha kupita kwenye duka moja la kugeuza filamu. Iliwekwa kwenye magurudumu mapya ya plastiki, safi kabisa, na vile vipande vya mwanzo vilikatwa kwa kuwa “havina picha”. Mikebe ilitupwa. Mwenye familia alikumbuka tu kwamba kwenye mmoja mama yake aliandika majina ya meza nzima. Hadi leo sijui wale watu ni nani.

Nitajuaje mwaka?

Kwenye ukingo wa filamu za Kodak kuna alama ndogo za maumbo, mviringo, mraba, pembetatu, zinazoonyesha mwaka filamu ilipotengenezwa. Alama hizo hurudi kila baada ya miaka 20, kwa hiyo za 1938 na za 1958 zinafanana. Kutoka hapo unaamua kwa macho: magari, urefu wa magauni, idadi ya nyota kwenye bendera ya Marekani ukumbini, maana hadi 1959 zilikuwa 48. Bendera ya chama inakusaidia zaidi. Ikiandikwa kilianzishwa 1906 na keki ina namba 30, hesabu umeimaliza.

Jina la mji silipati kwenye ramani.

Tafuta kwa lugha zaidi ya moja. Wayahudi waliuita mji kwa Kiyidi, serikali kwa Kipolandi au Kirusi, na karani wa New York aliandika alivyosikia. Kolbuszowa kwa Kiyidi ni Kolbishev. Brest ni Brisk. Lwów ilikuwa Austria-Hungaria, ikawa Poland, ikawa Umoja wa Kisovieti, leo ni Ukraine inayoitwa Lviv. Babu aliyesema ametoka Urusi hakudanganya, na binamu yake aliyesema Poland hakudanganya pia.

Wapi naweza kuziona?

YIVO, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1925 huko Vilna (leo Vilnius, Lithuania) na makao yake yakahamia New York mwaka 1940, ina kumbukumbu nyingi sana za vyama hivi: vitabu vya mikutano, mihuri, picha, na filamu. Makumbusho ya Washington niliyoitaja ina hifadhi ya filamu ambayo sehemu yake kubwa unaitazama bure kwenye mtandao. Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston, kina kituo cha kitaifa cha filamu za Kiyahudi. Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu nacho kina hifadhi yake. Ukitafuta, andika jina la mji. Ukiandika “chama” au “karamu” huenda usipate kitu, kwa sababu wengi walioorodhesha walizipita karamu bila kuzieleza.

Vyama bado vipo?

Vichache. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilifunga mlango, damu mpya ikakoma. Watoto walizaliwa Wamarekani, wakahamia vitongojini, na kwao mji wa baba ulikuwa hadithi. Nyumbani kwenyewe kukaangamizwa. Vingi vilivyosalia hadi miaka ya karibuni vilikuwa na kazi moja, kutunza makaburi. Ukienda Queens, New York, makaburi ya Mount Hebron au Mount Zion, utapita malango ya mawe na ya chuma, kila moja limeandikwa jina la mji na la maofisa wa chama. Nenda na picha za filamu kwenye simu. Meza kuu yote utaikuta humo, mara nyingi kwa mpangilio ule ule, mwenyekiti karibu na lango.

Familia yangu inataka kuongeza muziki wa fidla kwenye filamu. Mnashauri muziki gani?

Hakuna. Ukumbi ulioonyeshwa filamu hii mara ya kwanza haukuwa kimya. Watu walikuwa wakipiga kelele juu ya sauti ya projekta, wakiitana, wakibishana huyo ni nani, mmoja akisema simamisha, rudisha nyuma. Muziki mkiuweka, shangazi yenu mwenye miaka tisini na mbili atanyamaza kwa adabu asikilize. Mwachieni filamu tupu, muweke simu ya kurekodi mezani karibu naye, kisha mkae.